Babu Yumo Katika Shajara, Nyanya Yu Wapi?



Ukutani mwa ukumbi wetu hapa Malindi imetundikwa shajara ya ukoo. Ina majina saba, kuanzia kwa marehemu baba hadi kwa mzee wetu aliyeteremka jahazini akitokea Hadhramaut. Nilikua nikiisoma kwa fahari. Idi moja mwanangu aliisoma kwa sauti mbele ya nyanya yake. Bi mkubwa akauliza kwa upole: "Na waliowazaa hao, mjukuu wangu, wameandikwa wapi?" Hapakuwa na aliyemjibu.

Swali hilo lilinifanya nimtafute upya mzee wetu. Niliyojifunza nayaeleza hapa, huenda yakamfaa anayemtafuta wake.

Kwanza ni jina. Mwambao huu tumezoea kumwita Mshihiri kila aliyetoka Hadhramaut, kwa jina la bandari ya Shihr. Lakini wengi walizaliwa mbali na bahari, katika mabonde ya Tarim, Seiyun na Du'an. Anayeuliza habari Shihr pekee huenda akarudi mikono mitupu. Jina la ukoo, kama yale mengi yaanzayo kwa "Ba", humwelekeza mtu karibu zaidi.

Pili ni karatasi. Sheria ya Hatimiliki za Ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye mashamba ya mwambao walete madai yao, hivyo mzee aliyemiliki minazi huenda jina lake limo. Zenye faida zaidi ni hati za mirathi za kwa Kadhi. Qur'ani imewapa mke na binti mafungu yao, basi haiwezekani kugawanya urathi bila kuwataja.

Tatu ni wazee, hasa akina mama. Wao hukumbuka nani alizaliwa mwaka wa njaa, na nani alikuja na pepo za kaskazi akakataa kurudi na kusi.

Hali hii si yetu peke yetu. Mwaka 1922, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ireland, hazina ya nyaraka za nchi iliteketea mjini Dublin. Wajukuu wa Waairishi waliokimbilia Marekani kwa sababu ya njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 hutegemea sana vitabu vya makanisa. Katika vingi vya vitabu hivyo, mama wa mtoto ameandikwa kwa jina la kwao. Pengine ni jina hilo la mama linalowafikisha kijijini.

Nasi ndivyo ilivyotutokea. Katika hati ya mirathi tulilikuta jina la mke wa mzee wetu, na bi mkubwa akakumbuka kwamba kwao ni Kakuyuni. Tulikuwa tumekwisha kuulizia habari za safari ya Yemen, kumbe udugu wetu uko mwendo mfupi wa matatu! Tulipofika, mzee wa mji alilitaja jina la babu yetu kabla hatujajieleza. Wao walimhifadhi wetu, sisi tulimsahau wao.

Kwa nini tulimsahau? Nasema kweli ijapokuwa chungu: alikuwa Mgiriama aliyesilimu, na waliotutangulia walipenda shajara isome Uarabuni tu. Aya ya 13 ya Suratul Hujurat imetufundisha kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na mbora wetu ni mchamungu. Naye Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujifunze nasaba zetu ili tuunge udugu. Nasaba inayokata udugu imepoteza kazi yake.

Shajara mpya sasa iko ukutani, ina akina baba na akina mama. Bi mkubwa haoni vizuri tena. Aliniomba nimsomee mara mbili.

Ndugu msomaji, waulize wako wangali hai.

Wabillahi tawfiq.