Msanii Naye Awe na Nyumba Yake

Si ajabu siku hizi kumsikia msanii akitangaza kwamba amechoka na mitandao ya kijamii, na kwamba kuanzia sasa kazi zake zitapatikana katika tovuti yake mwenyewe. Atangazapo hivyo, watu humcheka. Wapo wasemao kwamba amefilisika, na wapo wasemao kwamba ameanza kujiona. Sisi wa Shinyanga na Geita, tunaoijua ngoma na tunaoijua dhahabu, hatuna sababu ya kucheka. Ndani ya uamuzi huo limo swali zito: kazi ya msanii ni mali ya nani, na usiku inalala wapi?

Tuanze na ngoma. Katika nchi ya Usukuma vipo vyama viwili vikuu vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo asili yake hutajwa kuwa ni mabingwa wawili wa zamani, Ngika na Gumha. Vyama hivi hushindana uwanjani, kila upande na manju wake, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa zaidi. Ili kuuvuta umati huo, watu wamecheza na chatu, wamerusha majembe hewani, na wamekwenda kwa waganga kutafuta dawa ya mvuto. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba kuhesabu watazamaji ni uvumbuzi wa Marekani. Babu zetu waliwahesabu kwa macho kabla simu haijafika huku.

Lakini mashindano yale yana msimu wake. Huanza baada ya mavuno, kama ilivyo sherehe ya Bulabo pale Bujora, Kisesa, ambayo hufanyika mwezi wa Juni. Mvua zikikaribia, ngoma hutundikwa ukutani na manju hurudi shambani. Huko, akiwa peke yake na jembe lake, ndiko atungako nyimbo za mwaka ujao. Umati haumwoni, na hakuna amwambiaye kwamba amefilisika. Kila mtu anajua kwamba asiyepewa nafasi ya kunyamaza hatakuwa na jipya la kuimba.

Mtandao wa kijamii hauna masika wala kiangazi. Humdai msanii picha asubuhi, mzaha mchana, na ugomvi jioni, na akipumzika juma moja humficha nyuma ya wengine. Matokeo yake tunayaona. Kijana mwenye sauti nzuri hutumia siku nzima kutafuta kioja cha kuonyesha, na wimbo anautunga kwa dakika zilizobaki. Anayejiondoa katika purukushani hiyo amerejea tu kwenye desturi ya wazee wake.

Sasa tuje kwenye dhahabu. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mgusu anajua kwamba aingiapo katika duara anachimba kwenye eneo lenye leseni ya mtu. Mawe yapandapo juu, mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, na mchimbaji hupata kilichobaki. Halafu husaga, huosha, hukamatisha kwa zebaki, na hapo hupata sehemu tu ya dhahabu iliyomo. Udongo uliokwisha oshwa, ambao sisi huuita marudio, bado una mali ndani yake. Mwenye mtaji wa kuusafisha kwa sayanaidi huuchukua, na mara nyingi hupata zaidi ya aliyevuja jasho.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa mwimbaji anayeweka kazi zake zote katika mitandao ya makampuni ya ng'ambo. Yeye hupata alama za kupendwa, na akibahatika hupata dola chache. Marudio hubaki kwa mwenye leseni. Ni nani aliyesikiliza, yuko wapi, alisikiliza saa ngapi, aliacha wapi na akaenda kutazama nini: habari hizo zote ni dhahabu, na ndizo zinazowawezesha wenye mitandao kuwauzia wafanyabiashara nafasi za matangazo. Taifa letu lilipokataa kupunjwa madini, lilikaza sheria zake mwaka 2017, na leo lina asilimia 16 katika Kampuni ya Twiga pamoja na Barrick. Je, katika nyimbo za Kisukuma zinazochezwa usiku kucha kwenye simu za watu, fungu la mtunzi ni asilimia ngapi, na nani alikaa naye mezani kulijadili?

Wala kupunjwa si hatari pekee. Kubwa zaidi ni kupoteza kila kitu. Mwezi wa Machi 2019 mtandao wa MySpace, ambao zamani ulikuwa uwanja mkuu wa wanamuziki duniani, ulikiri kwamba katika kuhamisha mitambo yake umepoteza kazi zilizopakiwa kwa miaka 12, tangu 2003 hadi 2015. Nyimbo zaidi ya milioni 50 zilitoweka. Hapa kwetu, mwezi wa Aprili 2022, chaneli ya YouTube ya Diamond Platnumz ilivamiwa na wadukuzi na ikaondolewa hewani kwa muda. Ilirejeshwa, kwa kuwa mwenyewe ni mtu mkubwa na sauti yake hufika mbali. Manju wa Kishapu au wa Bukombe likimfika hilo, atapiga simu wapi, na nani ataipokea?

Mimi nilipokuwa mtoto nilisoma chuoni kabla ya kupelekwa shule ya serikali. Tuliandika aya juu ya ubao kwa wino wa masizi, na somo likiisha tuliufuta ubao kwa maji ili kuandika somo jingine. Lakini maalimu wetu hakumruhusu mtoto kufuta mpaka ahakikishe kwamba aya imekwisha ingia kifuani. Nilidhani ni ukali tu. Baadaye nikaelewa: ubao ni wa kupita, na aya lazima iwe na makao mengine kabla maji hayajamwagwa. Mitandao ya kijamii ni ubao. Tofauti ni kwamba kata ya maji iko mkononi mwa mtu asiyetujua, wala hatuulizi kama tumekwisha hifadhi.

Wapo waliolitambua hili mapema. Mwanamuziki Neil Young, mzaliwa wa Kanada, alifungua tovuti yake mwaka 2017 na kuikusanyia kazi za maisha yake. Alipoondoa nyimbo zake Spotify mwezi wa Januari 2022, kwa sababu ya ugomvi juu ya habari za chanjo, hakubaki bila makao. Miaka miwili baadaye alirudi kwa hiari yake, kama mgeni mwenye kwake. Diamond naye alianzisha Wasafi.com mwaka 2017 kuwa soko la nyimbo za lebo yake, kisha akaendelea hadi televisheni na redio. Hakuiacha mitandao, lakini alitambua kwamba cha kuazima hakisitiri.

Msomaji atatuuliza, na ni haki yake: hao ni matajiri, nani atakwenda kwenye tovuti ya mwimbaji wa ngoma za kijijini, wakati watu wananunua bando la kutazama Facebook na WhatsApp tu? Jibu letu ni kwamba hatumwambii msanii avunje daraja. Na apite mitandaoni kama apitavyo mnadani, atangaze, asalimie, kisha arudi nyumbani. Kinachopaswa kuwa nyumbani ni kazi yenyewe: wimbo kamili, jina la mtunzi, maneno yaliyoandikwa kwa Kisukuma na Kiswahili, mwaka uliorekodiwa, na namna ya kumlipa. Leo wimbo hupita kutoka memori kadi moja hadi nyingine bila jina la mwenyewe. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tovuti ni daftari hilo.

Gharama nazo zisitishe kupita kiasi. Ada ya mwaka ya jina linaloishia na .tz haifikii bei ya mbuzi mnadani. Ugumu uko katika kuikumbuka kila mwaka na katika kumpata kijana mwaminifu wa kuitunza. Kwa sababu hiyo tunashauri wasanii wasijenge mmoja mmoja. Kikundi cha ngoma cha watu kumi kinaweza kuwa na tovuti moja, chenye katibu na mweka hazina, kama vilivyofanya vyama vya ushirika vya pamba.

Hapa ndipo viongozi nao tunapopaswa kujitazama. Kwanza, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, iliyotengwa kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, imezoea kununua pikipiki na mashine za kusaga. Kikundi cha waimbaji kikileta ombi la kurekodi na kuhifadhi kazi zake, kisionekane kimekuja kucheza. Pili, maofisa utamaduni wa wilaya wasiwakumbuke manju siku ya kumpokea mgeni tu. Tatu, kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu alipe ada ambazo jumla yake ilizidi shilingi milioni 2, na wengi walifunga milango yao. Kanuni hizo zimebadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa tena 2022, lakini hofu imebaki vijijini. Ni wajibu wa serikali kueleza kwa lugha nyepesi kwamba mwimbaji anayeweka nyimbo zake mwenyewe hakufungua gazeti, na kuhakikisha kwamba hatozwi kama aliyefungua gazeti. Chama kilichobeba jembe na nyundo katika bendera yake hakiwezi kumwona mvujajasho wa sauti kuwa si mvujajasho.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba tovuti ni ngome. Intaneti ilipozimwa nchini kwa siku kadhaa mwezi wa Oktoba 2025, aliyekuwa na tovuti na asiyekuwa nayo walikaa gizani pamoja. Kwa hiyo nakala ya tatu ikae sandukuni, nyumbani kwa mwenyewe, mahali ambapo mjukuu wake ataikuta.

Basi msanii akiaga mitandaoni, tusimcheke. Tumuulize amehamia wapi, na tumtembelee huko.