Tuacheni Tucheze Bure

Nimechoka kusikia kwamba bao linafundisha hesabu. Nimechoka pia kusikia kwamba karata zinakuza kumbukumbu, drafti inanoa akili, chesi inaandaa viongozi. Wanaosema hivyo wanajiona watetezi wa michezo. Kwangu mimi wanaizika, tena kwa heshima zote, kwa sababu wameshakubaliana na yule anayetukemea: kwamba saa moja ya mtu mzima haina haki ya kuwepo mpaka ilete risiti.

Anayetukemea namfahamu vizuri. Ni mjomba anayekuta karata zimetandazwa sebuleni, anaitikia shikamoo yako, kisha anauliza, "Mwanangu, hiyo tasnifu imefika sura ya ngapi?" Ni kiongozi wa mtaa anayepita kijiweni saa nne asubuhi na kuwatazama vijana waliozunguka drafti la vizibo vya soda kama mtu anayehesabu hasara. Enzi za "Hapa Kazi Tu" walikuwepo viongozi waliotaka wanaocheza pool asubuhi wakamatwe. Hiyo kazi ya saa nne asubuhi waliyotakiwa wawe nayo ilikuwa wapi, hilo halikujibiwa. Kijana asiye na ajira akijifungia chumbani anatazama dari, hamsumbui mtu. Akitoka, akakaa na wenzake watatu na ubao, amekuwa mzururaji.

Sheria yenyewe inachekesha. Kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kinamweka katika kundi la wazururaji mtu anayecheza mchezo wa bahati kwa pesa mahali pa hadhara. Kisha ipo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, yenye bodi yake na leseni zake, na kwa leseni hiyo pesa ile ile na bahati ile ile zinahamia kwenye duka lenye kiyoyozi, kwenye jezi za timu, redioni asubuhi, na kwenye simu yangu kwa ujumbe ambao sikuuomba. Hapo hatuitwi wazururaji tena. Tunaitwa wateja.

Angalieni neno mkeka lilivyofanywa. Mkeka ulikuwa kitu cha kutandika ili watu wakae, mmoja achange karata, mwingine akate, wagawiane. Sasa kijana akikuambia mkeka wake umechanika, anamaanisha timu mojawapo kati ya tisa alizozibetia imetoa sare. Nimewahi kukaa na marafiki wanne tukitazama mechi, kila mmoja na mkeka wake kwenye simu. Goli likaingia, mmoja akaruka, wawili wakashika vichwa, wa nne akauliza kona zimefika ngapi. Tulikuwa chumba kimoja, na hakuna aliyekuwa anacheza na mwenzake.

Watu wanashangaa ugonjwa huu umetoka wapi. Mimi sishangai. Ukimwambia mtoto kwa miaka ishirini kwamba mchezo usiolipa ni upuuzi, akikua atatafuta unaolipa. Mwenye duka la kubeti na mjomba wangu hawajawahi kukutana, lakini wanahubiri dini moja. Na yule mtetezi mpole wa "bao linajenga ubongo" anasali safu ya kati.

Bao lenyewe, kwa asiyelijua, lina mashimo 32 na kete 64. Unaanza na kete 22 mkononi, na kumi nyingine zimeshakaa upande wako, sita kati ya hizo ndani ya nyumba. Unanamua kete moja moja mpaka mkono uishe, ukifungwa kabla haujaisha umefungwa mkononi, na utachekwa mpaka Ijumaa ijayo. Baada ya hapo kunakuja mtaji. Napenda sana neno hilo likiwa kwenye bao, kwa sababu ndilo neno linalotutesa kwenye semina za ujasiriamali. Kwenye bao mtaji unaupata, unakula nao, unauzungusha, na mchezo ukiisha kete zote zinarudi mashimoni. Hakuna anayeondoka na chochote. Alex de Voogt, mtafiti wa Kiholanzi, aliandika tasnifu nzima ya udaktari huko Leiden mwaka 1995 juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar na mipaka ya uwezo wa akili zao. Ni kazi kubwa. Mjomba akiisikia pengine atatulia, na hapo ndipo ninapogombana naye zaidi: sitaki atulie kwa sababu Mzungu amepata udaktari.

Ila nisiwapambe watu wa barazani kupita kiasi. Nenda Jaws Corner, Mji Mkongwe, jioni: kahawa, dhumna, bao, siasa, na karibu kila aliyekaa ni mwanamume. Msichana akisimama hapo dakika tano ataulizwa anamtafuta nani. Kwa hiyo wanaolia kwamba simu imeua michezo wangetuambia kwanza ni michezo ya nani. Mimi kunamua nimejifunza kwenye programu ya simu, usiku, kitandani hosteli, dhidi ya mashine isiyojua mimi ni binti wa nani. Nilipokaa kwenye ubao wa mti kwa mara ya kwanza nilikuwa nimeshajua kula. Hilo simu imenifanyia, baraza halikunifanyia.

Na kuna marafiki ambao bila simu nisingecheza nao kabisa. Mmoja yuko Mbeya anafundisha, mwingine yuko Muscat analea watoto wa watu. Tunacheza Ludo, ile programu iliyotoka India mwaka 2016, huku simu ya WhatsApp iko wazi pembeni ili tutukanane vizuri. Sauti ndiyo inayoufanya uwe mchezo. Bila sauti ni vidoti vinne vyenye rangi vinavyozunguka skrini, na unaweza kuamini kabisa kwamba unacheza na roboti.

Kero yangu na programu ni nyingine: haijui kubishana. Muda wako ukiisha inakuchezea. Ukikosea haikubali "ngoja, nirudishe". Kila raundi inamwaga sarafu za bandia, inakupandisha ngazi, inakukumbusha kwamba jana hukuingia. Mjomba yule yule, safari hii ana rangi nzuri na muziki. Na sheria zake hazina mlango. Mwaka 2019 wenye UNO walitangaza kwenye Twitter kwamba ukiwekewa karata ya kula nne, huwezi kujiokoa kwa kuweka ya kula mbili ili anayefuata ale sita. Dunia nzima iliwabishia wenye mchezo wao. Nilifurahi kuona hivyo. Wale watu walikuwa wanasema kwamba sheria ya mezani kwao ilitungwa na waliokaa mezani, shangazi aliyekuwa haangalii vizuri, binamu aliyekataa kushindwa, na kampuni haikuwepo siku hiyo.

Lasti kadi ni hivyo hivyo. Hakuna mitaa miwili ya Dar inayoicheza sawa. Kabla ya karata ya kwanza kushuka lazima mkubaliane: joka ni ngapi, ree inabadilisha au haibadilishi, mtu akisahau kutangaza karata ya mwisho anakula ngapi. Mazungumzo hayo yanaweza kuchukua dakika ishirini. Mtu wa ufanisi angeziita dakika zilizopotea. Ndizo ninazozitaka mimi. Humo unajua nani mkali wa maneno lakini anasamehe upesi, nani anakubali haraka kwa sababu ameshapanga kuiba.

Sisi Ijumaa tunaanza saa tatu usiku. Wa Muscat anaingia kwa video, karata zake anashikiwa na mtu aliyeapa mbele ya wote kwamba hachungulii, na hatumwamini. Hela hairuhusiwi mezani, hata ya soda. Aliyewahi kuleta pendekezo la "tuweke buku buku ili iwe na maana" alitolewa raundi mbili, akarudi. Wa Mbeya anashikilia kwamba ukiwekewa mbili unaweza kujibu kwa mbili ya rangi yoyote. Sisi wengine tunasema lazima uile. Miezi saba sasa, na bado hajakubali.