Furukombe Hali Ugali

Ndugu msomaji, Jumapili ya leo tuyaweke kando mazungumzo ya bei ya sukari na sare za shule. Nataka kukusimulia habari ya ndege mmoja aliyekufa mikononi mwetu, sisi watu wazima sita wenye huruma, kwa sababu hapakuwa na hata mmoja wetu aliyejua namna ya kumwuguza. Nasimulia kwa kuwa yaweza kutokea siku moja mwanao akaingia mlangoni amekumbatia ndege aliyevunjika bawa, naye akakuuliza: "Baba, tumfanyeje?" Siku hiyo nisingependa ujibu kama tulivyojibu sisi.

Mambo haya yalitokea wilayani Newala, mwezi wa Julai, nilipokuwa katika likizo yangu ya mwaka. Atokaye Masasi kwenda Newala huyaacha nyuma yale majabali makubwa yaliyouzunguka mji, kisha gari huanza kuupanda uwanda wa juu wa Makonde katikati ya mikorosho. Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda huo. Ukisimama pale paitwapo Shimo la Mungu, ardhi hukatika ghafula mbele ya miguu yako. Chini kabisa utaliona bonde la Mto Ruvuma, na ng'ambo yake ni Msumbiji.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana mikorosho yake huku juu na shamba la mpunga kule bondeni. Asubuhi ya pili baada ya kufika kwangu aliniamsha alfajiri akasema, "Mpwa wangu, ninyi watu wa mjini mnalipa pesa kuona sinema. Twende nikakuonyeshe sinema ya bure."

Tuliteremka hadi karibu na mto, tukaketi chini ya mti, mbali na maji kwa sababu ya mamba. Ng'ambo ya kijito kilichokuwa kikikauka ulisimama mti mrefu, na katika panda yake ya juu palikuwa na lundo la vijiti lenye upana kama kitanda cha mtoto. Hicho ndicho kilichokuwa kiota cha furukombe. Mjomba aliniambia kwamba amekijua kwa miaka mingi, na kwamba kila kiangazi wenyewe hurudi wakakiongezea vijiti vipya, nacho huzidi kuwa kikubwa.

Furukombe, kwa asiyemfahamu, ni tai wa mtoni na ziwani. Kichwa chake na kifua ni vyeupe pe, tumbo lake lina rangi ya hudhurungi iliyoiva, na mabawa yake ni meusi. Ndiye tai aliyemo katika bendera ya Zambia na katika nembo za taifa za Namibia na Sudan Kusini. Jike ni mkubwa kuliko dume. Nyayo zao zina vijimiba vidogo vidogo, ili samaki mtelezi asiponyoke. Jike hutaga aghalabu mayai mawili, na huyaatamia kwa siku 42 hadi 45. Makinda yakishaanguliwa hukaa kiotani kwa muda wa miezi miwili na zaidi kabla hayajaruka, na huchukua miaka minne au mitano hata kupata kichwa cheupe kama cha wazazi wao.

Lakini kilichonishika moyo zaidi ni sauti. Furukombe mmoja akilia, hurudisha kichwa nyuma hata kikakaribia kugusa mgongo, na mwenzake humwitikia papo hapo. Huyu ana sauti nyembamba, yule ana sauti nzito kidogo, na sauti hizo hufuatana kama watu wawili walioshika mchi mmoja mmoja wakitwanga katika kinu kimoja. Asubuhi ile tulimwona dume akileta samaki, na jike akimnyofoa vipande vidogo vidogo akimlisha kinda ambaye tulimwona kichwa tu. Nilimwambia mjomba kwamba nimewahi kuona nyumba za binadamu zisizo na mapatano ya namna ile. Mjomba alicheka, wala hakunikatalia.

Siku ya nne, vijana wawili wavuvi walikuja nyumbani na gunia. Ndani yake alikuwa yule jike. Kipande cha wavu wa nailoni, kilichochanika kikatupwa na mwenyewe, kilikuwa kimenasa katika matawi yaliyolala majini. Furukombe alishuka kumkamata samaki, bawa likazongwa na nyuzi, akajipigapiga humo hata wavuvi walipomkuta. Walimkata kutoka wavuni kwa kisu, wakamtia guniani, wakampandisha mlima mzima. Hawakutaka malipo. Walimleta kwa kuwa walijua mjomba humpenda ndege yule.

Sasa, ndugu msomaji, sikiliza jinsi tulivyomhurumia. Tulimtoa guniani tukamweka uani, chini ya tenga kubwa la kuku. Watoto wa mtaa mzima wakaja kumtazama. Shangazi mmoja alisema ana njaa. Basi tukampa ugali. Hakuugusa. Mwingine akasema mgonjwa hupewa maziwa. Tukamfumbua mdomo tukamimina maziwa, akapaliwa na kutikisa kichwa. Mimi mwenyewe, niliyesoma na kupata stashahada, nililifunga lile bawa kwa kitambaa nikakaza sana, nikidhani nafanya kazi ya daktari. Usiku alijigongagonga katika tenga hata manyoya ya mkia yakakatika. Siku ya tatu, jioni, ndipo tulipokumbuka kumwita bwana mifugo. Alipofika, furukombe alikuwa amelala ubavu, macho nusu wazi. Alikufa kabla ya magharibi.

Bwana mifugo alimpapasa lile bawa kwa muda mrefu, kisha akatuambia jambo ambalo sitalisahau: mfupa haukuwa umevunjika. Bawa lilikuwa limeteguka na kuvimba tu. Kilichomwua, kwa maoni yake, ni hofu, kiu, na yale maziwa yaliyoingia mapafuni. "Furukombe hali ugali," alisema taratibu, bila kutugombeza. Laiti angetugombeza.

Kesho yake mjomba nami tuliteremka tena mtoni. Dume alikuwa juu ya mti. Alirudisha kichwa nyuma akalia, akanyamaza kama mtu anayengoja kuitikiwa. Akalia tena, akanyamaza. Mjomba alivua kofia yake akaishika mkononi, na hatukusemezana neno mpaka tuliporudi nyumbani. Wiki tatu baadaye, nikiwa nimekwisha kurejea kazini, alinipigia simu kunieleza kwamba kiota ni kitupu. Kinda mdogo huhitaji mmoja wa kumlinda na jua na maadui, na mwingine wa kumtafutia chakula. Baba peke yake hawezi kuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Pengine utauliza: mbona kelele zote hizi kwa ajili ya ndege mmoja? Jibu ni kwamba tai hawazai kama kuku. Marehemu Leslie Brown, aliyekuwa afisa wa kilimo nchini Kenya, alitumia miaka mingi kuwachunguza tai wa huko. Aliona kwamba yule tai mkubwa wa msituni mwenye kishungi hulea kinda mmoja tu, na malezi hayo huchukua muda mrefu hata mara nyingi jozi moja hupata mtoto mmoja katika miaka miwili. Furukombe huzaa upesi kidogo kuliko huyo, lakini naye si mwingi wa watoto. Kumwua mzazi mmoja ni kazi ya dakika moja. Kumrudisha ni kazi ya miaka.

Wenzetu wa Marekani walijifunza somo hili kwa uchungu. Wanaye tai wao mwenye kichwa cheupe, aliye ndugu wa karibu wa furukombe wetu na ambaye yumo katika nembo ya taifa lao. Dawa ya kuulia wadudu iitwayo DDT iliingia mitoni, ikaingia katika samaki, kisha katika tai, na mayai yao yakawa na maganda mepesi yaliyovunjika chini ya mama aliyeatamia. Mwaka 1963, katika majimbo yao 48 yanayopakana, zilihesabiwa jozi 417 tu zenye viota. DDT ilipigwa marufuku huko mwaka 1972, viota vikalindwa, na majeruhi wakauguzwa. Mwaka 2007 tai huyo aliondolewa katika orodha ya wanyama walio hatarini, na taarifa iliyotolewa mwaka 2021 ilikadiria jozi 71,400. Huku kwetu Afrika nako, maganda mepesi ya mayai ya furukombe yalionekana katika Ziwa Kariba, upande wa Zimbabwe, ambako DDT ilikuwa imetumika kuulia mbung'o.

Nako kuuguza si uchawi, ni elimu. Huko Naivasha, nchini Kenya, kipo kituo cha kuwatibu ndege wawindao, kinachoendeshwa na Kenya Bird of Prey Trust. Mifupa ya ndege ni mitupu ndani na huunga haraka kuliko yetu, mara nyingi kwa wiki mbili au tatu tu; kwa hiyo bawa lililovunjika likicheleweshwa, huunga kombo, na tai wa namna hiyo hatawinda tena maisha yake yote. Unyoya uliokatika huweza kupachikwa mwingine, uliookotwa kwa ndege aliyepukutisha, kwa kijiti chembamba kinachoingia ndani ya shina lake. Baadaye mgonjwa huzoezwa kuruka, kwanza akiwa amefungwa kamba ndefu na nyepesi mguuni, hata misuli irudi. Hawaachiliwi kwa kuonewa huruma. Huachiliwa wakiwa na uwezo wa kujitafutia riziki.

Basi, siku mwanao atakapoleta ndege aliyeumia, awe tai, mwewe, kipanga au bundi, fanya haya. Mfunike kwa kitambaa au kanga kichwa na mwili, maana giza humtuliza. Jihadhari zaidi na miguu kuliko mdomo, kwa kuwa silaha yake ni kucha. Mweke katika boksi la katoni lenye matundu ya hewa, na chini tandika kitambaa. Liweke mahali penye kivuli na kimya, mbali na mbwa, redio na watoto wa jirani. Usimpe ugali, wali, mkate wala maziwa. Usimmiminie maji mdomoni. Usilifunge bawa wewe mwenyewe. Kisha siku hiyo hiyo, si siku ya tatu, mpeleke habari afisa wanyamapori au daktari wa mifugo aliye karibu nawe. Kumbuka pia kwamba Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, namba 5 ya mwaka 2009, hairuhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali, hata kama nia yake ni njema.

Lakini tiba iliyo bora ni ile isiyohitajiwa. Mvuvi akichanikiwa na wavu, auchukue arudi nao nyumbani. Mkulima asioshe bomba la dawa mtoni, na anayevua kwa utupa akumbuke kwamba sumu haichagui kati ya samaki mkubwa, kinda la samaki na mtoto wa binadamu anayechota maji chini yake. Mzazi wa mjini naye amtazame mwanawe mwenye manati. Mwewe anayezunguka juu ya soko huokota panya na mizoga ambayo ingetuozea mlangoni. Ni kweli huiba kifaranga mara moja moja. Banda la kuku lililofunikwa juu humaliza ugomvi huo bila jiwe. Na ukipata bahati ya kuona kiota, keti mbali utazame. Usipande mtini, kwa maana mama akiondoka juani, mayai huungua.

Mwaka uliofuata nilirudi Newala. Yule dume alikuwa amepata mwenzi, kijana ambaye kichwa chake kilikuwa bado na madoa ya hudhurungi. Walikuwa wakipeleka vijiti kiotani, lakini mayai hawakutaga mwaka ule. Tuliketi mahali petu pa zamani. Dume alilia, kukawa kimya kidogo, kisha yule mgeni akaitikia, kwa kuchelewa, kama mtu anayejifunza wimbo wa ukweni. Mjomba alinigusa bega. Kando yake palikuwa na fundo la nyavu kuukuu alizoziokota njiani, na tulipoondoka nililibeba mimi hadi juu.