KELELE ZA KIWANJANI: TUSIKIFUNGE, TUKIWEKEE UTARATIBU



Tangu Jumapili usiku kundi letu limejaa sauti za kurekodi kuhusu vijana wa skeiti pale kiwanjani. Wapo wanaotaka kiwanja kifungwe mara moja, na wapo wanaotaka Tawi liandike barua kwa Mtendaji wa Mtaa kuunga mkono kufungwa huko. Kamati ya Tawi itakaa Jumamosi. Kabla hatujafika huko, nimeona niandike maoni yangu kama Mwenezi wenu. Huu si msimamo wa Kamati. Kamati ikiamua tofauti, nitautangaza uamuzi wake bila kinyongo.

Na niseme mapema ili nisije nikasemewa: mwanangu wa pili anacheza skeiti pale. Nipimeni mkilijua hilo.

Nianze na walalamikaji, kwa sababu wana haki. Nyumba yangu iko mbali kidogo, kwa hiyo mimi nalala. Bibi yetu ambaye nyumba yake inapakana na kiwanja halali. Jumatatu nilikwenda kukaa naye barazani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 5. Kila kijana aliporuka na kutua kwenye ile rampu ya mbao, ilikuwa kama mtu anapiga pipa tupu. Spika ilikuwa imewashwa tangu tulipokaa. Bibi ana presha, na dirisha lake ni la nyavu kama madirisha yetu mengi, kwa hiyo hakuna kioo cha kupunguza chochote. Aliniambia, "Mwanangu, sijawachukia watoto. Naomba usingizi tu." Anayebeza kauli hiyo aende akakae pale usiku mmoja.

Lakini niliona na jambo jingine. Ilipofika saa 3 na nusu, watoto wa skeiti walibeba mbao zao wakaondoka. Waliobaki kwenye kona yenye giza hawakuwa na skeiti hata moja, na walikuwa watu wazima tunaowafahamu. Hapo ndipo ilipoanza harufu ya bangi na matusi, na mmoja akajisaidia ukutani kwa bibi. Mabinti wawili waliokuwa wanarudi kutoka tuisheni walizomewa mpaka wakakimbia. Hii ndiyo sauti iliyorekodiwa na kusambazwa kwa jina la "vijana wa skeiti".

Tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Lakini muuza samaki pale Feri hamwagi tenga zima baharini. Anamtoa aliyeoza, anauza waliobaki.

Ndugu wanachama, tumechanganya malalamiko matatu kuwa moja, na kila moja lina mwenyewe na dawa yake.

*La kwanza ni mlio wa rampu.* Ile rampu ni mbao zilizopigwa misumari juu ya fremu, ndani pako wazi. Ndiyo maana inalia kama ngoma. Ikijazwa mifuko ya mchanga ndani, au siku moja ikajengwa ya zege juu ya udongo ulioshindiliwa, mlio huo utapungua sana. Pia imewekwa hatua kama 15 kutoka ukuta wa bibi, wakati upande wa pili wa kiwanja kuna karakana inayofungwa jioni. Sauti ikiwa mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka mara mbili hupungua kwa takriban desibeli 6, na hiyo ni tofauti ambayo sikio linaitambua. Kuihamisha rampu ni kazi ya asubuhi moja kwa vijana kumi.

*La pili ni spika.* Hapa hatuna haja ya kubishana, sheria ipo. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zimeweka viwango vya kelele kwenye makazi, na cha usiku ni cha chini kuliko cha mchana. NEMC wanazisimamia, na zinagusa baa, vigodoro na sherehe za kila aina. Zinatugusa na sisi. Siku ya uzinduzi wa wanachama wapya tulipiga muziki wa hamasa kiwanjani hapohapo mpaka usiku, na hakuna aliyerekodi. Tukitaka watoto wazime spika, tuanze kuzima ya kwetu.

*La tatu ni uhalifu.* Bangi ni kosa la jinai, na kuwatisha mabinti hakuvumiliki. Kazi hiyo ni ya Polisi Kata na ulinzi shirikishi, na majina yapo. Kosa hubebwa na mtu aliyelitenda. Tukikifunga kiwanja, wale watu watahamia kwenye kona nyingine yenye giza, pengine nyuma ya zahanati. Taa ya nguzo ya pale imekufa muda mrefu na hakuna aliyeandika barua kuihusu. Barua ya kufunga tumeiwaza ndani ya siku mbili.

Nina hofu nyingine, nayo niiseme wazi. Kile kiwanja ni eneo la wazi. Sote tumeona katika jiji hili maeneo ya wazi yakigeuka kuwa fremu za maduka na maegesho, na mara nyingi safari ilianza na maneno haya haya: "pale pana fujo, bora pafanyiwe kitu." Sisemi kwamba bibi ametumwa. Bibi hajatumwa na mtu. Nasema kwamba barua yenye muhuri wa Tawi inayodai kiwanja kimeshindikana itabaki kwenye faili, na mwenye nia yake atakuja kuitumia siku ambayo sisi hatupo mezani. Kubadili matumizi ya eneo kuna utaratibu wake katika Sheria ya Mipangomiji ya mwaka 2007. Tusiwe sisi wa kumrahisishia mtu kazi.

Wengine wamesema skeiti ni mambo ya Ulaya, hayatuhusu. Majirani zetu wanatupa jibu. Kitintale, pembezoni mwa Kampala, vijana wenyewe walishiriki kujenga uwanja wao wa skeiti wa zege katikati ya miaka ya 2000. Kangemi, Nairobi, uwanja wa Shangilia upo tangu mwaka 2013. Ni mitaa ya watu wa kawaida kama huu wetu, yenye watoto wengi na nafasi ndogo. Mtoto aliyeko kiwanjani akianguka na kuinuka tunajua alipo. Mkimfukuza pale, mniambie mmemwandalia wapi.

Mapendekezo yangu kwa Kamati ni haya:

1. Kiwanja kichezewe mpaka saa 1 na nusu usiku, kisizidi hapo, siku zote za wiki.
2. Spika marufuku, kwa vijana na kwa Chama, isipokuwa kwa kibali cha Serikali ya Mtaa.
3. Rampu ihamishiwe upande wa karakana na ijazwe mchanga kabla ya mwisho wa mwezi. Vijana watoe nguvu, sisi tuchangie mifuko.
4. Tawi liandike barua mbili: moja kuomba taa, nyingine kuomba doria ya Polisi Kata kuanzia saa 3 usiku.
5. Vijana wachague watatu na majirani wachague watatu, bibi akiwemo. Namba zao zibandikwe ofisini ili mwenye kero ajue wa kumpigia.
6. Tujaribu kwa miezi mitatu. Ikishindikana, barua ya kufunga nitaipeleka mimi mwenyewe.

Na tukumbuke mipaka yetu. Tawi si Serikali ya Mtaa. Sisi tunashauri, mkutano wa wananchi ndio utakaoamua. Kwa hiyo wale wanachama wawili waliowanyang'anya watoto mbao zao juzi wakidai wametumwa na Chama, nawaomba wazirudishe kabla ya Jumamosi. Hakuna kikao kilichowatuma.

Mwanangu nimeshamwambia: akikutwa pale baada ya saa 1 na nusu, ubao nauchukua mimi, si mgambo.

Kikao ni Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya Tawi. Vijana wanne wamealikwa, na bibi tutamfuata kwa bajaji. Anayepinga haya niliyoandika aje ayapinge pale, uso kwa uso. Sauti za kurekodi hazipigi kura.

Ndugu yenu,
Mwenezi wa Tawi