Tshopo: Okidi za ardhini haziokolewi ndani ya chungu

Serikali ya Kongo ilipotangaza mwezi Januari 2025 mradi wa Ukanda wa Kijani kutoka Kivu hadi Kinshasa, hesabu zilizotajwa zilikuwa kubwa: eneo la karibu kilomita za mraba 540,000, nafasi za kazi, umeme, na vyakula vya mashariki kushuka kwa mto hadi mji mkuu. Mwezi huohuo Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na wengi mashariki wakaisahau habari hiyo. Lakini huko Kisangani, mji ambao njia ya mto haiwezi kuukwepa, swali limebaki: msitu ukisemwa kwamba umelindwa, nani atajua kama ni kweli?

Kwa kawaida msitu hupimwa kwa setilaiti. Vilele vya miti vikionekana kijani, hesabu inaandikwa kwamba msitu upo. Setilaiti haioni kilicho chini ya miti. Na chini ndiko zinakoishi okidi za ardhini, mimea midogo ambayo ni ya kwanza kutoweka udongo unapoharibiwa.

Ua linaloonekana siku chache

Wakaaji wengi wa Kisangani wanapoisikia okidi hufikiria maua yanayoshika kwenye matawi ya miti. Aina za ardhini hazijulikani sana. Katika misitu ya Kongo kuna jamii kama Nervilia, Eulophia, Manniella na Corymborkis, ambazo mizizi yake imo ndani ya udongo au katika majani yaliyooza.

Nervilia ni mfano mzuri wa jinsi mmea unavyoweza kufa bila mtu kujua. Huchipua ua kwanza, bila jani lolote. Ua likinyauka, ndipo hutokea jani moja tu, karibu na ardhi. Baadaye jani nalo hufa, na kiazi kidogo hubaki chini kikingoja msimu mwingine. Mkulima anayefyeka mahali hapo kwa panga anaona majani makavu tu.

Wengine hujiuliza kwa nini mimea hiyo isichimbwe na kupandwa katika bustani mjini. Jibu limo ndani ya mbegu. Tunda moja la okidi linaweza kuwa na maelfu ya mbegu, na kwa aina nyingine zaidi ya milioni, lakini ni vumbi tu. Hazina akiba ya chakula kama mbegu ya mahindi au ya maharagwe. Ili ziote, lazima zikutane na kuvu fulani ndani ya udongo, nao ndio unaozilisha mpaka ziote majani.

Mfaransa Noël Bernard aligundua jambo hilo mwaka 1899. Mwaka 1922, Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba mbegu zinaweza kuota ndani ya chupa bila kuvu, zikipewa sukari na madini. Tangu hapo okidi nyingi za biashara huzalishwa katika maabara. Lakini mche uliozoea sukari ya chupa haurudi msituni kwa urahisi, na aina za ardhini ndizo ngumu zaidi.

Anayetaka kutunza okidi ya ardhini ana masharti machache ambayo hayana mkato. Ihamishwe pamoja na bonge la udongo wake, na hapo tu ambapo shamba au barabara tayari inakuja kuimaliza. Iwekwe kivulini, juu yake yatandazwe majani yaliyooza, maji yasituame, na mbolea ya dukani isitumike. Jani likikauka, maji yapunguzwe, lakini udongo usitupwe, maana kiazi kingali hai. Hata hivyo, mingi hufa. Ndiyo sababu kazi ya kweli ni kulinda mahali, kabla ya kulinda mmea.

Elimu ipo jirani

Tshopo si jimbo la kuanzia sifuri. Yangambi, umbali wa karibu kilomita 100 kutoka Kisangani ukishuka mto, ilikuwa makao ya taasisi ya utafiti wa kilimo INEAC iliyoundwa na Wabelgiji mwaka 1933, ambayo leo ni INERA. Nyumba yake ya mimea iliyokaushwa ina karibu sampuli 150,000. Kisangani kwenyewe kuna Chuo Kikuu, UNIKIS, na Kituo cha Uangalizi wa Bayoanuwai.

Sampuli iliyokaushwa haioti tena. Faida yake ni nyingine: ina jina la mmea, mahali ulipochumwa na tarehe. Kwa kurudi mahali paleple, mwanafunzi anaweza kuhakikisha kama mmea ungalipo. Ni kipimo cha bei nafuu ambacho hakuna setilaiti inayoweza kukitoa.

Makala, mashamba na vita vya ardhi

Wakati huohuo, baiskeli zilizobeba magunia ya makala zinaendelea kuingia mjini. Familia nyingi za Kisangani hupika kwa makala au kuni, na kumwambia mama wa Lubunga aache makala bila kumpa moto mwingine ni maneno matupu. Kuzunguka mji, pori lililokuwa likipumzika miaka mingi kati ya kilimo na kilimo sasa hupumzika michache. Miti ya haraka hurudi, na kutoka juu kila kitu kinaonekana kijani. Lakini kivuli kizito na udongo wa zamani havijarudi.

Kuna pia vita. Tangu mwezi Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola, ng'ambo ya kushoto ya mto, umeua mamia ya watu na kuwafukuza maelfu. Mtu aliyefukuzwa shambani kwake hutafuta pori lingine la kufyeka ili watoto wale. Pale ambapo haijulikani ardhi ni ya nani, hakuna anayeacha kipande cha msitu kwa ajili ya kesho.

Somo la chikanda na la vanila

Kusini mwa nchi kuna onyo. Katika masoko ya Lubumbashi, kama ilivyo Zambia, watu hula chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi vya okidi za ardhini. Viazi huchimbwa porini, na kila kinachochimbwa mara nyingi ni mmea mmoja umekufa. Zambia ilipopungukiwa, wanunuzi walifika hadi nyanda za juu za Tanzania, ambako watafiti walikadiria kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivushwa kila mwaka. Tanzania iliunda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005, inayosifika kwa maua hayo. Mkataba wa CITES, ambao Kongo ni mwanachama wake tangu 1976, unasimamia biashara ya kimataifa ya familia nzima ya okidi, lakini mkataba haufiki kwenye jembe la mchimbaji.

Vanila nayo ni okidi, na wakulima wa mashariki wanaijua. Inapenda kivuli na majani yaliyooza, ua lake huchavushwa kwa mkono asubuhi moja tu, na tunda hungoja karibu miezi tisa. Ingeweza kumlipa mkulima anayeacha miti isimame. Lakini Madagaska ilipoondoa bei ya chini ya dola 250 kwa kilo mwaka 2023, soko lilianguka. Msitu unaotegemea bei ya zao moja huanguka pamoja nalo.

Chombo ambacho tayari kipo

Sheria ya Kongo inatoa njia iliyo imara zaidi. Amri ya mwaka 2014 inaruhusu jamii ya wenyeji kupewa msitu wake hadi hekta 50,000, na kupanga wenyewe wapi pa kulima, wapi pa kukata miti na wapi pa kuacha. Tshopo ni miongoni mwa majimbo ambako njia hiyo imetumika.

Ukanda wa Kijani ukitaka kuaminiwa Kisangani, unaweza kuanzia hapo: kumaliza kwanza swali la ardhi ni ya nani, kuwalipa vijana wa vijiji watembee msituni pamoja na wanafunzi wa UNIKIS, na kuandika kila mwaka kilichoonekana chini ya miti. Mahali ambapo jani moja la Nervilia linarudi mwaka baada ya mwaka, udongo haujaguswa. Lisiporudi, rangi ya kijani inayoonekana kutoka juu haitoshi kusema kwamba msitu ungalipo.