Msaada wa kodi: halmashauri zimewageukia wasio nacho

Mwezi wa tatu ukifika, hati za kodi ya halmashauri huanza kuingia majumbani Uingereza. Katika miji mingi, familia zenye kipato kidogo hujikuta zikidaiwa zaidi bila mapato yao kuongezeka, kwa kuwa msaada wa kodi hiyo umepunguzwa. Miongoni mwao wamo Wabajuni wa visiwa vya Chula na Koyama na wa Kismayu waliokimbia vita vya Somalia vya 1991, wengi wakapitia kambi za Mombasa kabla ya kupata hifadhi Ulaya. Tunapaza sauti kwa ajili yao, na kwa ajili ya jamaa waliobaki visiwani, ambao chakula chao hutegemea kinachotumwa na watu haohao.

Hadi Machi 2013, asiye na uwezo aliweza kusamehewa kodi hii yote. Tarehe 1 Aprili serikali kuu ikaufuta utaratibu huo wa taifa, ikaziachia halmashauri zipange msaada wao wenyewe, na fedha ikazipunguza kwa asilimia 10 hivi. Wastaafu walilindwa kisheria. Pengo likawaangukia walio katika umri wa kufanya kazi: mfagiaji wa ofisi za watu usiku, mama anayelea watoto peke yake, mgonjwa asiyeiweza kazi. Uskoti na Wales zilifidia upungufu huo kutoka hazina zao, na maskini wao wakaendelea kusamehewa. Basi asituambie mtu kwamba hapakuwa na njia nyingine.

Wazee wa pwani yetu wanaijua kodi ya kichwa. Waingereza nao walitozwa ya kwao mwaka 1990. Hata fukara alitakiwa alipe asilimia 20, umma ukaikataa mpaka ikaondolewa 1993. Leo ziko halmashauri zinazomdai fukara kiwango hichohicho au zaidi. Na kodi ya halmashauri yenyewe haina usawa: nyumba hupimwa kwa thamani ya Aprili 1991, na jumba la daraja la juu kabisa hulipa mara tatu tu ya kijumba cha daraja la chini.

Kinachotutisha zaidi ni namna deni linavyokua. Ukikosa awamu moja, barua ya ukumbusho hukupa siku 7. Zikipita, unaweza kudaiwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Baadaye huja amri ya mahakama na gharama zake, kisha madalali: kanuni za 2014 ziliwaruhusu kuongeza pauni 75 deni linapokabidhiwa kwao, na pauni 235 wanapofika mlangoni. Aliyeshindwa kulipa pauni 20 anajikuta na deni la mamia. Mtu aliyezoea bahari ya Chula, na Kiingereza cha barua hizo kinampiga chenga, huiweka barua kabatini mpaka apate wa kumsomea. Siku 7 si nyingi.

Na ukali wote huo hauleti hata fedha iliyotarajiwa. Watafiti wa IFS, taasisi ya uchumi ya London, walikuta mwaka 2019 kwamba karibu robo ya kodi iliyoongezwa kwa njia hii haikukusanywa.

Halmashauri zirudishe msamaha kamili kwa walio maskini kabisa, na zikome kuwapelekea madalali. Ndugu zetu nao wasinyamaze. Sheria inailazimu halmashauri kuwauliza wakaazi kabla ya kubadili msaada huu, na mpango mpya upitishwe si zaidi ya Machi 11. Haringey, London, iliuliza bila kuwaeleza watu njia nyingine za kuziba pengo. Oktoba 2014 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba hilo lilikuwa kinyume cha sheria. Aliyekwama leo aandike kuomba apunguziwe au afutiwe kodi chini ya kifungu cha 13A cha sheria ya 1992, na misikiti na vyama vyetu viweke watu wa kusoma barua hizi siku ileile zinapofika.