Haina maziwa, lakini ina nini?

KIJIKO MKONONI
Na Rukia Shomari

Jumamosi iliyopita binti wa kaka yangu alinipeleka kula aiskrimu mjini. "Shangazi, hii haina maziwa, kula tu." Ilikuwa ya korosho, embe na asali. Tamu, sikatai. Ila jioni, ndani ya daladala, nilikuwa nimefungua kifungo cha sketi na dada niliyekaa naye akaniuliza ni mimba ya miezi mingapi. Nina wajukuu wawili.

Utumbo wangu ni mkorofi, na daktari ameshaniweka kwenye mlo wa FODMAP kidogo. Jina hilo lilitoka kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Australia, mwaka 2005. Ni ukoo wa sukari ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri: zinavuta maji, kisha zikifika utumbo mpana bakteria wanazichachua kama togwa. Hapo ndipo gesi inapotoka. Laktosi ya maziwa ni mmoja tu wa ukoo huo. Korosho ina ndugu zake, na embe na asali zina fruktosi nyingi kuliko glukosi. Kwa hiyo lile duka lilimfukuza mgeni mmoja mlangoni likawapitisha wenzake dirishani.

Na si korosho tu. Ile aiskrimu ya kugandisha ndizi na kuzisaga inataka ndizi zilizoiva hadi mabaka meusi, na ndizi ikiiva hivyo fruktani zake, nazo za ukoo uleule, huwa zimepanda. Maziwa ya soya yaliyotengenezwa kwa maharage mazima, vilevile. Inulini inayotiwa ili aiskrimu iwe nzito, vilevile. Zile "zisizo na sukari" mara nyingi zina sorbitoli au maltitoli, na hizo ndizo zinazokukimbiza msalani. Wenye maduka, tuandikieni kilichomo. Kisichokuwamo kinatusaidia nini?

Kinachonichekesha ni kwamba sukari nyeupe, ile tunayosemwa nayo kila siku, hainisumbui, maana glukosi na fruktosi zake zimelingana na zinanyonywa mapema. (Mwenye kisukari ana hesabu yake nyingine, asinifuate mimi.) Basi barafu ya pasheni anayouza jirani yangu kutoka kwenye friza lake la sebuleni, maji, pasheni na sukari, inanifaa kuliko kile kikombe cha bei mbaya. Nikitaka kitu kizito kidogo, nagandisha nanasi kwa tui. Tui lenyewe liwe la kiasi. Likizidi nalo linaleta maneno.

Mlo huu si wa maisha. Unajinyima wiki mbili hadi sita, halafu unarudisha chakula kimoja kimoja, ikiwezekana ukiwa na mtaalamu wa lishe, uone kipi hasa ni adui yako. Mimi nimeshamaliza kujinyima. Embe nitalijaribu wiki ijayo: kipande kidogo, peke yake, nikiwa nyumbani na dera langu.